Nyumba nimepata, raha imebaki mtaa wa zamani

BARAZANI KWA BIBI
Barua za wasomaji hujibiwa na mkunga mstaafu, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, mkaazi wa Raha Leo, Unguja.

Assalamu alaykum Bibi, na shikamoo.
Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 38. Nauza nguo, na mume wangu ni mpishi katika hoteli moja ya shamba. Miaka 11 tumekaa Kikwajuni, chumba na ukumbi, choo cha pamoja. Kule Bibi hapana siri. Ukikaanga samaki mtaa mzima unajua. Nilikuwa siwezi kukuna nazi bila ya mtoto wa jirani kuja kudokoa. Tukajinyima, tukajenga Fuoni kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ule kuta, na Shaaban iliyopita tukahamia. Vyumba vitatu, marumaru, jiko la ndani, ukuta mrefu na geti. Wiki ya mwanzo nilikuwa naamka usiku kuja kulitazama jiko langu tu. Sasa sioni kitu. Naosha vyombo kwenye sinki nililoliomba miaka yote hiyo, na najihisi kama mgeni nyumbani kwa mtu. Mume wangu akiniuliza nina nini, namwambia kichwa. Naogopa namkufuru Mungu kwa neema aliyonipa. Nifanye nini raha irudi? Na ikirudi, nifanye nini isiondoke?
Mama wa Watatu, Fuoni

Waalaykumu salaam, na marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la kukufuru, maana naona ndilo linalokuumiza kuliko jengine. Hukukufuru. Mwenye kukufuru hajiulizi. Wewe umezoea tu, na kuzoea ni maumbile.

Nikupe habari ya kwetu. Nyumba niliyozaliwa Mtambwe ilizungukwa na mikarafuu pande tatu. Msimu ukiingia, majamvi yanatandikwa uwanja mzima, karafuu mbichi zinamwagwa, zinageuzwa kwa miguu kutwa, na siku ya tatu au ya nne zimeshakuwa nyeusi na ukiivunja moja inalia. Mgeni yeyote kutoka Unguja akishuka garini alikuwa anasimama kwanza, anavuta pumzi, anasema, "Mashaallah, nyinyi mnalala ndani ya harufu hii!" Na sisi watoto tunatazamana. Harufu gani? Wallahi tulikuwa hatuisikii. Mimi nilikuja kuisikia mara ya kwanza nilipokuwa msichana mkubwa, nimekaa mjini miezi minane nasomea ukunga, nimerudi kwetu katikati ya msimu. Nilishuka na mzigo wangu kichwani, ikanijia yote kwa pamoja, nikasimama pale njiani nikalia. Karafuu zilikuwa zile zile. Pua yangu ndiyo iliyokuwa imelala miaka yote.

Sinki lako ni karafuu hizo. Barua yako nilimsomea mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu Tunguu (jina lako sikumtajia), akaniambia kuwa jambo hili limeshachunguzwa. Mwaka 1978 mtaalamu mmoja wa Marekani, Philip Brickman, na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa katika jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wengine wa sehemu zile zile ambao hawakushinda kitu. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi ya wenzao. Tena waliulizwa juu ya vitu vidogo vya kila siku, kama vile kula chakula cha asubuhi, kuzungumza na rafiki, kusoma jarida, na katika hivyo walikuwa wanapata raha kidogo kuliko wale wasioshinda. Kile kikubwa kilichowajia kilivifanya vidogo vionekane si kitu. Niliposikia chakula cha asubuhi nikakukumbuka wewe, umesimama mbele ya sinki.

Lakini kuzoea hakutoshi kueleza barua yako. Mtu aliyezoea nyumba yake huiona ya kawaida, hajihisi mgeni ndani yake. Hilo la ugeni lina sababu nyengine, na umeniandikia mwenyewe bila ya kujua. Rudi uisome. Fuoni umenihesabia vyumba, marumaru, jiko, ukuta na geti. Watu hamna. Watu wote wa barua yako wako Kikwajuni, ukiacha mumeo unayemjibu kichwa: jirani anayejua umekaanga samaki, mtoto anayekuja kudokoa nazi. Umeniandikia kama dhiki uliyoikimbia, nami sikatai, choo cha pamoja ni dhiki na sikwambii urudi. Ila yule mtoto, mwanangu, ulikuwa unamjua jina, na naamini ulikuwa unamwekea machicha pembeni.

Baba yangu aliuza karafuu vizuri mwaka mmoja, akanunua redio. Ilikuwa redio ya mwanzo kwa upande wetu. Watu walijaa ukumbini usiku kusikiliza Sauti ya Zanzibar, sisi watoto tukiambiwa tusiiguse hata kwa kidole. Kufika mfungo mosi ilikuwa ni kitu cha kuwekea kofia. Leo ukiniuliza redio ile ilikuwa rangi gani, sikumbuki.

Ninachokikumbuka ni usiku wa kuchambua. Karafuu zikishuka shamba huja na vikonyo vyake, na lazima zichambuliwe usiku ule ule ili asubuhi zianikwe. Tunakaa duara, kandili katikati, lundo mbele yetu. Bibi yangu alikuwa anakamata kishada, anakibana na kiganja cha mkono wa pili, anakizungusha mara moja tu, karafuu zinaanguka huku, konyo linabaki kule. Mkono wake ulikuwa haupumziki hata anapocheka. Viganja vyetu vilikuwa vinawasha kwa mafuta na vinakuwa vyeusi, sabuni haitoi kitu. Shangazi anasimulia ngano, anaikatiza pale pale panapotutia hamu, anasema, "Mpaka mmalize lundo hili." Watoto wadogo wanalala juu ya makonyo. Kuna chai ya tangawizi kwenye birika, inapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyesema pale kuwa ana furaha. Tulikuwa tumechoka, na kazi ilikuwa ya lazima. Na mimi nina miaka zaidi ya sabini, nimezalisha nusu ya watu ninaokutana nao Darajani, na nikiulizwa raha ni nini, kinachonijia mwanzo ni kandili ile.

Mjukuu wangu alinisomea na hili. Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilianza mwaka 1938 kuwafuata vijana 268 waliokuwa wanafunzi wake, wakaja kuunganishwa na vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya mji wa Boston. Wamefuatwa maisha yao yote, wanaulizwa, wanapimwa, mpaka uzeeni, na utafiti unaendelea na watoto wao. Waliokuwa wameridhika zaidi na watu wao walipokuwa na miaka 50 ndio waliofika 80 na afya bora. Kipimo hicho kilibashiri afya ya uzeeni vizuri zaidi kuliko kipimo cha mafuta ya damu. Nilimwambia mjukuu wangu kuwa bibi yake bibi alikuwa anajua hivyo bila ya kuwafuata watu miaka 80, akacheka, lakini nilikuwa nasema kweli.

Sasa la kufanya. Mwite fundi akujengee baraza. Nje ya geti, si ndani. Kimo cha goti, urefu wa kukaa watu wanne. Saruji mifuko miwili mitatu, haifiki bei ya marumaru za chumba kimoja. Baada ya alasiri, jua likishapoa, toa kazi yako ya mkono ukaifanyie pale: mbuzi na nazi, mchele wa kuchagua, nguo zako za biashara za kukunja. Geti liwache wazi. Usiende mikono mitupu ukakaa unatazama njia, maana hapo wewe mwenyewe utaona haya na watu wataona haya kukukaribia. Mtu mwenye kazi mkononi ni rahisi kusogelewa.

Na sahani. Pika mkate wa kumimina, kata vipande, funika, mtume mtoto nyumba ya kulia na nyumba ya kushoto. Unajua desturi yetu, sahani hairudi tupu. Itakawia, labda wiki, lakini ikirudi itakuwa na muhogo, au visheti, au embe mbili, na mtoto wa watu atakuwa ameshika mlango wako anatazama ndani. Utaniambia watu wa huku hawana mazoea. Mwanangu, watu wa mitaa mipya wote ni wahamiaji kama wewe. Mmoja katoka Pemba, mmoja katoka mjini, mmoja katoka Makunduchi, kila mmoja amemaliza kujenga na pumzi imemwishia, yumo nyuma ya ukuta wake anangoja mwengine aanze.

Nilipofiwa na mume wangu, nilikaa eda miezi minne na siku kumi, na watu walikuwa wanaingia na kutoka. Nilipotoka eda ndipo nyumba ikanyamaza. Mimi naishi mtaa unaoitwa Raha Leo, na miezi ile nilikuwa sitaki hata kulitaja jina lake. Jirani yangu mmoja akaanza kuja kila alasiri na ungo wa mchele. Anakaa, ananimwagia nusu, tunachagua. Mchele wa siku hizi unajua ulivyo, unatoka kwenye mfuko mweupe kama lulu, hauna jiwe, hauna pumba. Tulikuwa tunachagua mchele usio na kitu cha kuchagua. Nilikawia kama wiki tatu kulitambua hilo. Nilipolitambua sikumwambia kitu, na yeye hakuniambia kitu, mpaka leo anakuja.

Kuhusu sinki na jiko, viondokee kidogo. Unakumbuka tende ya mwanzo na fundo la maji Ramadhani, adhana ya magharibi ikishaadhiniwa? Maji ni yale yale ya mwezi mzima, ila umeyakosa kutwa. Alkhamisi moja wachukue watoto mkalale Kikwajuni, kwa yule jirani wa samaki. Pangeni na wenzako wa zamani kikoa, kila mtu na chake, mule pamoja. Ukirudi Ijumaa na uchovu, ukafungua maji ya bomba ndani ya nyumba yako mwenyewe, utayasikia.

Mumeo usimjibu kichwa. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mtu aliyejinyima akajenga kidogo kidogo, kisha akamuona mkewe amenyamaza ndani ya nyumba hiyo, ana maumivu yake naye, na huenda naye akirudi kutoka hotelini anaingia getini na kuhisi ugeni ule ule.

Umeniuliza ufanye nini isiondoke. Itaondoka. Siku nyengine utakaa barazani na hapana atakayepita, au utaumwa, au mtoto atakutia hasira. Wanawake wanaolima mwani wanalijua bamvua, bahari inapokupwa mbali wakaingia kazini, na wanayajua maji mafu, isipokupwa vya kutosha, na siku ya maji mafu hawasemi bahari imekufa. Wanakaa wanasuka kamba. Wewe jenga baraza.

*

Shikamoo Bibi. Nina miaka 24, nahudumia mezani hoteli moja upande wa Jambiani. Kutwa naona wageni wanacheka, wanaogelea, hawana shida. Usiku nafungua simu, naona wenzangu niliosoma nao skuli wako Uarabuni na Ulaya, wanapiga picha na magari. Naona maisha yamenipita mimi tu.
Kijana wa Pwani

Marahaba mjukuu wangu. Wewe unamuona mgeni siku zake kumi. Zile siku nyengine za mwaka, anapoamka gizani na baridi kwenda kazini na bosi anamfokea, huzioni. Siku hizo kumi amezilipia kwa hizo nyengine zote. Muulize mmoja usiku wa mwisho, wakati anafunga sanduku, uone uso wake. Na wenzako wa kwenye simu ni hivyo hivyo, wanakutumia zile siku kumi zao. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, ili tusizidharau neema tulizonazo. Simu imetengenezwa ikugeuze shingo upande wa pili. Baada ya sala ya Isha izime, jaribu wiki moja tu.

Jengine dogo. Mwaka 2008 watafiti wa Canada waliwapa watu bahasha asubuhi, wengine dola 5, wengine dola 20. Nusu yao waliambiwa wajitumilie wenyewe na nusu wamtumilie mtu mwengine. Jioni waliowatumilia wengine ndio waliokuwa na furaha zaidi, na wingi wa pesa haukuleta tofauti. Bakshishi ya kesho, toa kidogo, hata iwe ya boflo na sukari ya chai, mpelekee bibi yako mkononi. Usimtumie kwa simu. Nenda ukae nae mpaka anywe hiyo chai.

*

Barua ya tatu sikuingoja zamu yake. Ilikuwa na namba ya simu, nikapiga siku ile ile. Naiweka hapa kwa idhini ya mwenyewe, kwa ajili ya wengine wanaosoma kimya kimya.

Bibi, nimejifungua miezi minne sasa, mtoto wangu wa mwanzo. Watu wote wamefurahi isipokuwa mimi. Silali hata mtoto akilala. Nalia tangu alfajiri. Namtazama mwanangu sihisi kitu, namnyonyesha kama ninayefanya kazi ya mtu. Wiki iliyopita niliwaza afadhali nisingekuwepo. Mama mkwe anasema ni jini, nimeshapelekwa kwa mganga mara mbili. Nifanye nini nifurahi?
Mzazi Mpya, Bububu

Mwanangu, na kina mama wote mlio katika hali kama yake: haya siyo mambo ya kutafuta furaha. Haya ni maradhi, yana jina, sonona ya baada ya uzazi, na yana dawa. Siku chache za mwanzo baada ya kujifungua mzazi kulia lia ni kawaida, na mara nyingi huisha ndani ya wiki mbili. Ikizidi hapo, usingizi umekataa, moyo umekufa ganzi, na khasa yakija mawazo ya kutokuwepo, anatakiwa daktari siku hiyo hiyo, na asiwachwe peke yake hata saa moja. Shirika la Afya Duniani linasema katika kila wanawake 100 waliojifungua karibuni, kiasi cha 13 hupata maradhi ya akili, na mengi ni sonona. Mimi katika kazi yangu nimewaona wengi, na miaka ya mwanzo, Mungu anisamehe, niliwaambia wajikaze. Nilikuwa sijui. Mtu hajikazi akapona sonona, kama asivyojikaza akapona malaria.

Mama mkwe sikumlaumu. Nilizungumza naye pia. Nilimwambia kisomo na dua aendelee navyo, ila vifuatane na hospitali, visiwe badala yake. Nikamwambia pia kuwa zipo dawa anazoweza kutumia mama anayenyonyesha, lazima tu amwambie daktari kuwa ananyonyesha. Hilo ndilo lililokuwa likimtia hofu zaidi, kuliko jini.

Usiku ule shoga yake alikuja kulala naye. Asubuhi tulifuatana hadi Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, sisi watatu na mtoto. Njiani ndani ya daladala alijifunika mtandio mpaka machoni, asije akaonekana anakwenda wapi. Nilimshika mkono. Tuliporudi alikuwa amechoka, hakusema kitu, na mtoto nilimpakata mimi.

Hiyo ni wiki tano nyuma. Anaendelea na dawa, na mama mkwe ndiye anayemkumbusha saa. Bado kuna asubuhi analia. Juzi alinitumia ujumbe: mtoto amelala saa tatu ya usiku, na yeye kalala pamoja naye mpaka saa nane.